Fimbo Iliyomtosha Murunga

Kama Murunga angekuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa, haya yote yasingetokea. Lakini hakuwa. Umwibie, atanyamaza. Umsukume kwenye foleni, atasogea kando akuombe radhi. Ila umcheke mbele ya watu, basi usiku huo atagaragara kitandani mpaka mkewe amwambie akalale kwenye kiti.

Na walimcheka huko Ngong, tena sana. Kiwanda cha kupakia majani ya chai alichofanyia kazi kilikuwa kimepata karani mpya, Muia, kijana aliyependa milima jinsi wenzake walivyopenda mpira. Muia akaanzisha kikundi cha wafanyakazi wa kupanda milima siku za mapumziko, na makarani wote wakajiunga. Murunga alikuwa amepandishwa cheo juzijuzi, kutoka kubeba magunia hadi kuandika stoo, naye akajiunga mbiombio, maana hakutaka mtu akumbuke yale magunia. Siku ya Ngong wenzake walikuja na fimbo mbili mbili, nyepesi na zilizonyooka, moja kila mkono, kama Muia alivyowaona Wazungu wakifanya kwenye Mlima Kenya. Murunga alikuja na mti alioukwanyua kwenye ua wa Kihara, mwenye nyumba wake, na ulikuwa bado na majani kwenye ncha.

"Mchungaji amefika," karani mmoja akasema. "Sasa ng'ombe wako wapi?"

Walicheka kupanda, wakacheka kushuka. Jumatatu jina lilikuwa limeshafika kiwandani, na hata mama wa kupika chai alimmiminia kikombe akisema, "Shika yako, Mchungaji." Murunga aliiacha chai ile nusu kikombe.

Kwa hiyo ilipotangazwa safari ya Longonot, alimngoja Muia mlangoni pa stoo kumuuliza habari za fimbo. Muia hakuwa na ubaya na mtu. Alimsimamisha wima akamkunja mkono.

"Ona hapa. Ukishika fimbo, kiwiko kiwe hivi, kimekunjika vizuri. Ikiwa ndefu, mabega yatakufa. Ikiwa fupi, utainama kama mzee. Na zote mbili ziwe sawa, urefu na uzito. Longonot ni vumbi tupu, bwana. Kupanda utapanda, lakini kushuka bila fimbo nzuri, magoti yatakulilia."

"Nitapata," Murunga akasema. "Safari hii utaona."

Jioni hiyo akashuka Laini Saba, kwa Ishmael, fundi aliyechonga mipini ya majembe na shoka kwenye kibanda cha mabati kando ya reli. Fimbo zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Murunga akazijaribu moja moja, akitembea nazo mbele ya kibanda huku wapita njia wakimtazama. Za mkaratusi zilikuwa nzito kama mlingoti. Za mwanzi zilikuwa nyepesi, lakini alipoikandamiza moja ikalia kidogo, naye akairudisha haraka kabla fundi hajageuka. Mwishowe akapata moja tu ya kumridhisha, ya mti mgumu wa rangi ya kahawia, laini mkononi, ikamfika pale pale Muia aliposema.

"Nipe na mwenzake."

"Hiyo haina mwenzake," Ishmael akasema. "Hiyo mti ilikuja peke yake na mzigo ya kuni kutoka Kitale. Ukitaka mbili zinafanana, chukua hizi za mkaratusi."

Murunga akaipima ile fimbo kiganjani, akaipima tena. Uzito ule aliujua. Nyumbani kwake, nyuma ya mlango, palikuwa na fimbo nyingine ya mti kama huo huo, na hapo ndipo shetani alipoketi.

Fimbo ile ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuja Nairobi kutibiwa, akafia mikononi mwa Murunga katika chumba chake cha Kawangware 46. Mwili ukapelekwa nyumbani, upande wa Bungoma, ukazikwa. Koti, kofia na fimbo vikabaki pale pale, na wazee wakasema vingoje. Kwao fimbo ya baba haigawanywi pamoja na sahani na majembe. Inakaa alipoiacha mwenyewe, wala hakuna wa kuiegemea, mpaka siku itakapokabidhiwa yule atakayesimama mahali pake. Siku hiyo mrithi huishika, akaiegemea mbele ya watu wote, akatamka neno la kwanza. Kuanzia hapo neno lake juu ya shamba na mahari ndilo la mwisho. Kila mtu alijua atakuwa Khaemba, kifungua mimba, aliyebaki nyumbani akilima na kuwatunza wazazi. Khaemba alikuwa mrefu kama baba yake, mtu wa kuinama kila mlangoni. Murunga alitoka kwa mama, mfupi, mwenye miguu ya haraka.

Murunga alijua haya yote. Tusije tukasema baadaye kwamba mji ulimsahaulisha.

"Baba Nasike, hiyo fimbo unaipeleka wapi?" mkewe Kavetsa alimuuliza alipomwona akiitoa nyuma ya mlango.

"Naipeleka kwa fundi ipakwe mafuta. Imeanza kuliwa na wadudu."

"Wadudu gani? Mimi nafagia hapo kila siku."

"Wewe unajua mambo ya mbao?"

Kavetsa akachukua ufagio, akafagia pale nyuma ya mlango. Murunga naye akajipoza njia nzima kwamba anaiazima tu, kwamba mzee mwenyewe asingemnyima, kwamba akitoka Longonot ataipangusa na kuirudisha mahali pake. Lakini alipoisimamisha mbele ya kibanda cha Ishmael ilimfika kifuani, mkono ukapanda juu kama wa mtu anayeomba ruhusa darasani. Akawaona makarani wakicheka. Hawakuwapo, lakini aliwaona.

"Kata hapa," akasema.

Ishmael akaigeuza fimbo. Sehemu ya kushikia ilikuwa imeng'aa kwa viganja vya miaka mingi.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako, na inakufika kifua?"

"Nimerithi. Kata, bwana, watu wananingoja."

Hakuna aliyekuwa akimngoja. Ishmael akamtazama, akainua mabega, akatia msumeno. Unga wa mbao ukadondoka miguuni pa Murunga, na ikatoka harufu ya moshi wa jikoni kwao. Kipande kilichokatwa fundi akakisukumiza motoni chini ya birika la chai. Murunga alikiona kikishika moto. Kisha macho yakaenda kwenye zile fimbo mbili zilizosimama sambamba, zikiwa na misumari mipya kwenye ncha, akafurahi. Ndiyo, alifurahi, na furaha hiyo ilikuja kumuumiza kuliko msumeno.

Fimbo zote mbili alizilaza stoo kazini mpaka siku ya safari, na Longonot ilikwenda vizuri ajabu. Vumbi lilikuwa la kuzama, wenye viatu vya ofisini walipanda hatua moja wakirudi mbili, lakini Murunga alichoma fimbo huku, akachoma huku, akafika kileleni, ukingoni mwa shimo la volkano, pamoja na Muia kabla ya wote. Muia akaziomba zile fimbo, akazipima, akawapitishia wengine.

"Jamani, oneni vile mtu anachagua fimbo. Hizi za kahawia ulipata wapi?"

"Kuna fundi namjua," Murunga akasema.

Siku hiyo hakuitwa Mchungaji hata mara moja. Alirudi Kawangware jioni, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kwenye kinu cha unga, akipiga mluzi. Kavetsa alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Khaemba amefika," akasema. "Yuko kwa Baba Mdogo Wepukhulu, Laini Saba, na dada yako Jentrix. Baba Mdogo miguu imekataa kusafiri, kwa hivyo wazee wamesema shughuli ifanyike kwake. Ni kesho baada ya kanisa. Wamesema uje na fimbo."

Kisha macho yake yakaiteremkia ile fimbo ya mzee mkononi mwa mumewe. Akaitazama kutoka juu hadi chini kwenye msumari. Akamtazama Murunga usoni. Hakupiga kelele, na Murunga angetoa chochote apige kelele. Aliingia ndani, akamlaza mtoto, akaketi akimpa mgongo.

"Ni hao wadudu?" akauliza.

Murunga akairudisha fimbo nyuma ya mlango. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akahisi masikio yakiwaka. Usiku ule alijiambia mara kadhaa kwamba ataamka aende kwa kaka yake mapema, amweleze wakiwa wawili tu. Asubuhi alikwenda kwa Ishmael.

Ishmael alikuwa Msabato, kwa hiyo Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi. Alisikiliza huku akichonga mpini.

"Naweza kuunga," akasema. "Natoboa huku na huku, natia kijiti na gundi ndani, nazungushia kamba ya ngozi kama pambo. Napaka rangi ya viatu. Mtu hawezi kujua. Lakini asiegemee mtu, umesikia? Hiyo gundi bado iko mbichi."

"Hawataiegemea," akasema Murunga, aliyejua fika kwamba kuiegemea ndiyo shughuli yenyewe.

Chumba cha Wepukhulu kilikuwa karibu na reli, na siku hiyo kilijaa watu wa ukoo waliofanya kazi Nairobi, wamebanana kwenye vitanda na madebe yaliyogeuzwa. Khaemba alikuwa amevaa koti la harusi yake, limembana kwapani. Alipomwona mdogo wake alisimama, kichwa kikagusa bati, akamkumbatia.

"Asante kwa kututunzia," akasema. "Mama anakusalimu. Anasema ulimwosha baba kama mtoto mchanga siku zile, na yeye hasahau."

Murunga aliangalia chini. Ilikuwa kweli, alimwosha mzee kwa mikono yake, na kusikia hivyo sasa kulimchoma.

Wepukhulu akaomba, kisha akaipokea fimbo. Macho yake yalikuwa na utando, akaipapasa kwa vidole, vikafika kwenye kamba ya ngozi, vikasimama.

"Hii ngozi aliiweka lini?"

"Huku Nairobi," Murunga akasema. "Alipokuwa mgonjwa."

Huo ukawa uongo mwingine, tena wa kumsingizia marehemu. Wepukhulu akatikisa kichwa polepole, akamkabidhi Khaemba. Khaemba akaipokea kwa mikono miwili. Akaisimamisha, akavuta pumzi, na kama desturi inavyotaka, akaiegemea kwa uzito wake wote.

Ikakatika. Khaemba akaanguka mbele na koti lake la harusi, akapiga goti kwenye sakafu, na kikombe cha mtu kikapinduka. Jentrix akapiga ukemi. Baada ya hapo hapakusikika kitu chumbani, ila kile kipande cha chini kikibiringika mpaka mlangoni.

Khaemba akajiinua. Akaokota kile kipande, akaona kijiti na gundi ing'aayo bado. Akaangalia mti mpya, akaangalia mti wa zamani. Kisha akamwangalia Murunga, na Murunga akaona kwamba amejua.

"Mimi ni mzito," Khaemba akawaambia watu. "Nimekula sana ugali wa Jentrix." Kile kipande akakitia mfukoni mwa koti.

Hakuna aliyecheka.

"Ndugu yangu amemkataa," Wepukhulu akasema. "Mmeona kwa macho yenu. Fimbo haikatiki hivi hivi." Akanyoosha mkono, akapewa kipande kilichobaki, kile kirefu. "Hakuzaa mtoto mmoja tu. Murunga, mwanangu, simama. Wewe ndiwe uliyemfumba macho. Shika."

Murunga akasukumwa na mikono ya watu hadi katikati ya chumba. Fimbo ikatiwa kiganjani mwake. Ikafika pale pale, kiwiko kikakunjika vizuri, na ncha ikatulia sakafuni bila kutikisika.

"Tazameni!" mwanamume mmoja akasema nyuma. "Inamtosha!"

"Kama aliyepimiwa," mwingine akaitikia. Wazee wakaanza kunong'ona, na minong'ono ilikuwa ya watu wanaoona muujiza. Jentrix alimtazama kwa macho mapana, kama anamwona kwa mara ya kwanza. Khaemba alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono mfukoni kwenye kile kipande.

Hapa tusimtetee Murunga. Kwa muda mfupi alipitiwa na wazo kwamba angeweza kunyamaza. Angetamka neno la kwanza, shamba lote la mteremkoni likasikiliza sauti yake, na hakuna mtu kokote ambaye angemwita Mchungaji tena. Alichotakiwa ni kufungua kinywa tu. Akakifungua.

"Ni mimi niliyeikata," akasema.

"Umesema nini?"

"Baba Mdogo, baba hajamkataa mtu. Ni mimi niliikata kwa msumeno ili inifike mimi. Leo asubuhi nikaiunga nisijulikane. Hiyo ngozi ni ya fundi. Baba hakuiona."

Wepukhulu akatafuta kwa uso wake mahali sauti ilipotoka.

"Uliikata ufanyie nini?"

"Nipandie mlima."

"Mlima gani?"

"Longonot."

"Huko juu ulifuata nini? Kuna kazi?"

"Hakuna."

"Kuna dawa? Kuna mtu wetu anakaa huko?"

"Hapana, Baba Mdogo." Sauti ya Murunga ilikuwa imeisha kabisa. "Mtu anapanda tu. Halafu anashuka."

Mtu mmoja aliguna. Mzee alitikisa kichwa taratibu, na haikuwa kwa hasira. Alikuwa akijitahidi kuelewa na hawezi. Hilo ndilo lililommaliza Murunga. Wangempiga, angepokea. Wangemcheka, naam, hata kicheko angekipokea kwa mikono miwili. Lakini walimtazama kwa huruma ya kumtazama mtu aliyeharibikiwa akili, na yeye alikuwa na akili zake timamu tangu mwanzo.

Khaemba akasogea, akasimama mbele yake.

"Ulijua ni ya baba?"

"Nilijua."

"Na leo, wakati naipokea. Ulijua nitaiegemea?"

"Nilijua."

La kwanza angeweza kulichukua. La pili lilimwingia, na kila mtu aliliona likimwingia. Mzee mmoja akapendekeza itafutwe fimbo nyingine, ndefu, iombewe, mambo yaishe.

"Hapana," Khaemba akasema. "Aliyoshika baba ni hii." Akaitoa mkononi mwa Murunga, akaisimamisha tena, na ili kuiegemea ikambidi ainame sana, mgongo ukakunjika, koti likapanda juu kiunoni. Akiwa ameinama hivyo, mwanamume wa miaka arobaini aliyekuwa akigusa mabati, akatamka neno lake la kwanza kama baba wa nyumba ile.

"Jambo hili lisimfikie mama. Akiuliza kwa nini ni fupi, mimi nitasema niliikata mimi. Na ninyi mtasema hivyo."

"Tutasema hivyo," watu wakaitikia.

Murunga alitaka kulia, akaona hata kulia kutakuwa kujitafutia huruma. Akachukua mfuko wa kaka yake, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, wakatoka kumsindikiza kwenye treni ya jioni.

Njia ya kando ya reli ilikuwa imefurika watu na mafungu ya nyanya na mitumba. Khaemba alitembea mbele na ile fimbo, akiinama kila hatua. Murunga akamsogelea.

"Ndugu yangu, simama wima. Ibebe tu. Nakuomba. Watu wanatazama."

"Ya baba haibebwi," Khaemba akasema bila kugeuka. "Inategemewa."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza sukuma wiki akawaona wanakuja, akavuta beseni lake haraka kuwapisha, akawapigia kelele vijana waliosimama njiani. "Hebu tokeni hapo! Hamuoni babu anapita?"

"Asante, mama," Khaemba akajibu, akapita ameinama. Murunga alifuata nyuma na mfuko, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa akiutazama utosi wa kaka yake kutoka juu.